Tunachokiona na tunachokichora: mhadhara kwa wakazi wa Mikindani, Mombasa

Nimeombwa nizungumze juu ya uchoraji: picha hujengwa kwa vitu gani, huja kwa sura zipi, na huzungumzia nini. Kwa kawaida mada hii hufundishwa kwa picha za Wazungu waliokufa zamani, zilizotundikwa katika majumba ambayo wengi wetu hatutaingia. Sina ugomvi nazo. Ila leo nitaziweka kando, kwa sababu karibu kila ninachotaka kusema kipo kwenye barabara hii inayotoka Changamwe, ikapita hapa kwetu, ikaelekea Jomvu na Miritini. Na nina dai moja ambalo nitalirudia mpaka mchoke nalo. Wachoraji wa pwani hawapungukiwi na ufundi. Kinachopungua ni vitu tunavyokubali kuvichora.

Tuanze na mstari, kwa kuwa ndio mwanzo wa kila picha.

Mstari uliotazamwa na watu wengi zaidi nchini Kenya haukubuniwa na msanii. Uliamriwa na waziri. Februari 2004 kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutumika. Pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kila matatu ilitakiwa ichorwe ukanda wa njano kuzunguka ubavu, na njia yake iandikwe hapo. Michoro mingine ikafutwa. Wenye umri wangu mnakumbuka magari yalivyokuwa kabla ya hapo, na yalivyobaki meupe siku zile kama watoto wa shule waliovishwa sare kwa lazima. Miaka kumi hivi baadaye Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ikalegeza kamba, na 2018 kamba ikakazwa tena. Hivi leo kuna gari limepambwa hadi vioo, na kuna gari halina ila ule ukanda wake wa njano, na yote mawili hupakia abiria kituo kimoja.

Watu waliuona ule ukanda kuwa adhabu. Mimi ukanda huo ulinifundisha. Mstari uliolala hutuliza jicho, na gari lenye ukanda wa njano huonekana refu na tulivu hata likiwa linapita bondeni kwa kasi ya kutisha. Mstari uliosimama wima huleta heshima na uzito, ndiyo maana nguzo za misikiti na makanisa hazichoshi kutazama. Mstari wa mshazari ndio wenye mwendo. Mtazameni fundi anayerudisha michoro kwenye matatu. Jambo la kwanza analolichora ni ndimi za moto zinazoanzia tairi la mbele na kulala kuelekea nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba mshazari una mwendo. Ameliona mwenyewe, na amelijua kabla ya kitabu.

Sasa vukeni Makupa, mwende mjini mpaka Fort Jesus. Ngome ile ilianza kujengwa 1593, na Waomani waliitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ndani yake kumehifadhiwa kipande cha ukuta wa lipu chenye michoro ya Wareno, ya makaa meusi na udongo mwekundu. Kuna meli, kuna watu, kuna samaki. Kinachonivuta kila ninapoutazama ukuta ule ni vyombo vya baharini. Mstari wa makaa juu ya lipu haufutiki vizuri. Ukikosea, kosa linabaki. Na bado mikono ile ilizichora meli bila woga, milingoti na kamba zake, naamini ni kwa sababu ilikuwa mikono ya mabaharia, iliyozoea kuvuta kamba hizo hizo. Si mafunzo ya chuo yaliyoifanya iwe hodari. Ni mazoea ya kuishi na kitu.

Wareno hao hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kuanzia Gedi hadi Kilwa kuna kuta ambazo watu walikwaruza vyombo vya bahari kwenye lipu, wenyeji wakichora vyombo vya wenyeji. Pwani yote hii, mtu aliyekuwa na ncha ya kisu na ukuta mbele yake alichora chombo kilichomletea riziki. Liwekeni jambo hilo akilini, nitalirudia tukifika kwenye maudhui.

Mtaniuliza pia ni vipi makaa na udongo vimedumu miaka mia nne wakati rangi ya kibanda chako haimalizi miwili. Jibu halina miujiza. Makaa na udongo mwekundu haviharibiwi na mwanga. Havina cha kuchujuka. Rangi nyingi nyekundu za bei rahisi tunazonunua kwa kopo hutegemea kemikali ambazo jua huzivunja. Ndiyo sababu bango lililokuwa jekundu mwezi wa Ramadhani huwa la waridi ukifika mwaka mwingine, ilhali maandishi meusi yaliyo kando yake hayajabadilika. Ongeza hewa ya chumvi na unyevu unaopanda ukutani kutoka chini, rangi itavimba na kubanduka hata kama ni nzuri. Mchoraji wa pwani asiyeijua rangi yake atazeeka na kazi zake zote zimekufa kabla yake.

Kwa kuwa nimeshaingia kwenye rangi, tukae hapo kidogo.

Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji wayapake rangi nyeupe na kuyatia pambo la buluu. Watu wakabishana, na mimi nikafurahi, maana ni nadra mji mzima kubishana juu ya rangi. Nyeupe ina hoja yake. Hurudisha jua, na ni jamaa ya chokaa ambayo wazee wetu waliichoma kutokana na matumbawe na kupaka nyumba zao karne nyingi kabla ya kaunti yoyote. Shaka yangu ilikuwa juu ya buluu moja kila mahali. Rangi haina nguvu peke yake. Nguvu huipata kwa jirani yake. Weka nyekundu karibu na kijani, zote mbili zitatetemeka machoni. Weka nyekundu hiyo hiyo karibu na kahawia, itatulia. Mtaa wote ukiwa na jirani wa aina moja, hakuna rangi inayozungumza.

Huku kwetu bara, nje ya kisiwa cha Mombasa, tulisalimika na agizo hilo, lakini tuna agizo jingine ambalo hakuna aliyeliandika. Hesabuni maduka kutoka hapa hadi stendi. La kijani ni la kampuni ya simu, jekundu ni la kampuni nyingine ya simu au la soda. Kampuni inampakia mwenye duka rangi bila malipo, naye anaukabidhi ukuta. Simlaumu, rangi ni ghali. Nasema tu kwamba uso wa mtaa wetu unaamuliwa na watu ambao hawajawahi kupita hapa kwa miguu.

Na wala hatukuwa maskini wa rangi. Itazameni kanga ya kisutu, ile ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Halafu kitazameni kigango cha Wagiriama, ile nguzo ya ukumbusho anayosimamishiwa marehemu wa chama cha Gohu, iliyochanjwa pembetatu mwili mzima na kutiwa rangi. Nyekundu, nyeusi na nyeupe tena. Nguo ya bibi harusi na nguzo ya marehemu, kwa majirani wawili wa pwani moja, zimesimama juu ya rangi zile zile tatu. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kwa watu walioupenda ule mpangilio wa pembetatu na hawakujali kwamba ni wa marehemu wa mtu. Jumba moja la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza mwaka 2014 kwamba litarudisha thelathini. Nawatajia hili ili msije mkaambiwa kwamba picha isiyo na mtu wala mti, picha ya maumbo matupu, ni uvumbuzi wa Ulaya wa karne ya 20.

Sasa nataka tukae na fundi wa mabango, kwa maana ndiye mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili. Simtaji jina, na wapo zaidi ya mmoja. Tumkute mbele ya hoteli ndogo ambayo mwenyewe ametaka jina la mgahawa na vyakula vyake vichorwe ukutani.

Kwanza hachori. Anapiga msasa, anapaka undakoti, anasubiri. Kisha anachukua uzi uliopakwa chaki, anaushika huku na mtoto wa mwenye hoteli anaushika kule, anauvuta na kuuachia: paa, mstari umelala ukutani. Wa pili chini yake. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo herufi zitakapoishi. Sasa anahesabu herufi na kuanza na ile ya katikati, akienda kulia kisha kushoto, ili neno likae katikati ya ukuta na lisigonge dirisha. Hatumii rula kupima nafasi baina ya herufi. Anajua kwamba M inakula nafasi na I inaiacha, na kwamba O ikiwekwa mbali na T kama I na N zilivyowekwa, neno litaonekana lina pengo. Nafasi tupu ni sehemu ya mchoro. Wachoraji wengi wazuri wa sura za watu hawalijui hilo, na fundi huyu analijua kwa vidole.

Halafu kivuli. Anaamua jua liko wapi, tuseme juu kushoto, na kuanzia hapo kila herufi inapata kivuli kulia na chini. Herufi ishirini, jua moja. Akijisahau kwenye herufi moja tu akaitia kivuli upande wa pili, mpita njia hatajua kilichoharibika ila ataona neno limelegea. Na tambueni kwamba jua hilo ni la kubuni. Jua la kweli la Mikindani saa sita mchana liko utosini. Kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake, kuta zinapoteza umbo, na kila kitu kinakuwa bapa na cheupe. Fundi anamkopea mwenye hoteli jua la saa tatu asubuhi, linalodumu kutwa.

Mwisho anachora chakula. Sahani ya wali ni duara lililobanwa likawa yai, maana hatuitazami sahani kutoka darini. Kuku ni kahawia tatu, iliyokolea upande wa chini, ya kati, na iliyopauka kwa juu. Chupa ya soda inabaki kipande cha rangi mpaka atie tone moja jeupe kwenye bega lake, na hapo hapo inakuwa kioo. Nimewaona watu wazima wakisimama kungojea tone lile. Umbo bapa kugeuka kitu chenye ujazo unachoweza kukishika, kwa tone moja, ni jambo ambalo vyuo huchukua muhula mzima kulieleza.

Ukuta ukiwa wa bati la mawimbi, kazi inakuwa ngumu zaidi. Anayekuja kutoka ubavuni huona upande mmoja tu wa kila wimbi, na herufi zinamkatikia. Fundi mzoefu huzinenepesha, kisha anaenda mwenyewe kusimama barabarani, kule ambako abiria wa matatu atakuwa, anatazama, anarudi kurekebisha. Ukwaru wa ukuta, ulaini wa bati, mng'ao wa rangi ya mafuta na ukavu wa rangi ya maji, vyote vinaingia katika hesabu yake.

Hapo tumevipitia vitu ambavyo mitaala huviita msingi wa picha: mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, nafasi, na namna uso wa kitu unavyohisi mkononi. Nimevipitia ovyo kidogo, na kwa makusudi, kwa sababu havifanyi kazi kwa foleni. Vinafanya kazi vyote kwa pamoja, kwenye ukuta mmoja, kwa mtu mwenye njaa anayetazama.

Sasa tuje kwenye sura ambazo picha huja nazo. Mwaka 1667 huko Ufaransa, mwandishi André Félibien aliandika kuhusu Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na kuzipanga picha kwa cheo. Juu kabisa aliweka picha za historia na dini. Chini yake sura za watu, chini tena wanyama na mandhari, na mwisho wa mkia vitu visivyo na uhai, matunda na vyombo vya mezani. Mpangilio huo ulitawala Ulaya kwa muda mrefu, na vivuli vyake bado vimo katika vitabu vya shule.

Nauleta hapa kwa sababu mtaa wetu una aina zake zote, ila cheo kimepinduliwa. Sahani ya wali na kuku ndiyo picha inayolipwa kwanza, kwa sababu inauza. Kinyozi amechora sura za watu kwenye mlango wake, vichwa vinne vya mitindo minne, na mteja anaagiza kwa kidole. Buchari ina ng'ombe wake, anayetabasamu, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Picha ya historia, ile ya cheo cha juu, imepanda matatu: wanasiasa, wanamapinduzi, wachezaji mpira na waimbaji, wakubwa kuliko walivyokuwa duniani, wanaenda mjini na kurudi. Hizi si picha za watu wasiojua. Kila aina ina kanuni zake, na wenye kazi wanazijua.

Kuna aina moja ambayo Félibien hakuipa kiti, na kwetu ndiyo yenye mizizi mirefu: picha ya nakshi na maandishi. Waislamu wengi wa pwani hii walijiepusha kuchora viumbe wenye roho, na kipaji kilichozuiliwa upande mmoja kikafurika upande wa pili. Kiliingia kwenye milango, kwenye zidaka za lipu huko Lamu, kwenye misahafu ya Siyu katika kisiwa cha Pate ambayo waandishi wake waliipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kiliingia pia kwenye kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji wa kati, na ina jina, yaani maandishi yake, hapo chini ya mji. Pindo hukaza, mji hupumua, maandishi hulipa jicho mahali pa kutua. Duka la Kaderdina pale Mombasa limekuwa likiuza kanga tangu 1887, na ukitazama jinsi uwiano wa sehemu hizo tatu ulivyoshika tangu enzi za mababu hadi leo, utaona kwamba hapa pana kanuni ya utungaji iliyokomaa kama yoyote iliyoandikwa Paris. Tofauti ni kwamba kanuni hii huvaliwa.

Nimefika kwenye maudhui, na hapa ndipo penye dai langu.

Nendeni kwenye maduka ya vinyago na picha karibu na hoteli za ufukweni, kusini ng'ambo ya Likoni au kaskazini kupita Kisauni. Mtaona jahazi, machweo ya jua, mnazi ulioinama, mwanamke wa buibui kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, na Mmaasai amesimama ufukweni kwa sababu ambazo mchoraji hakutueleza. Utaona picha hiyo mara mia, kwa mikono mia, na mikono mingine ni hodari kweli. Soko la wageni limewalisha watu na sitalidharau. Ushirika wa wachongaji wa Kikamba hapo Changamwe umesomesha watoto wengi kwa twiga wa mti. Lakini ukichora kwa miaka ishirini kitu anachotaka kukikumbuka mgeni, jicho lako mwenyewe linakuwa la mgeni. Unaanza kuuona mtaa wako kuwa haufai kuchorwa.

Kuna waliotoka kwenye mtego huo, na njia zao hazifanani.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 huko Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Aliuza kwa wageni, tena waziwazi, pale Oysterbay. Wanyama wake hawakunakiliwa kutoka kadi za posta. Mnyama mmoja hujaza kibao chote, nyuma yake rangi tupu, madoa yake yametiwa moja moja, na hakuna mbali wala karibu. Aliuza kwa mgeni bila kuazima jicho la mgeni. Polisi walimpiga risasi 1972 wakidhani ni mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Waliokuja baada yake wamechora kwa zaidi ya miaka hamsini, na ni lazima niseme kwamba wengi wao wamerudia madoa bila kurudia uthubutu.

Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu aliyesoma Makerere, alipewa mwaka 1959 kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a. Kazi ilikuwa maisha ya Yesu, maudhui ya kale kuliko yote katika uchoraji wa Kikristo. Njau alimchora Yesu Mwafrika, katikati ya mandhari ya Murang'a, kwenye kanisa lililojengwa kuwakumbuka waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao miaka michache kabla walikuta msalaba umesimama kwenye ardhi yao wenyewe. Maudhui yalikuwa ya kale, mandhari ilikuwa ya jana. Hivyo ndivyo ukuta mmoja unavyoweza kusema na kijiji kizima.

Aliye karibu nasi kuliko wote ni Richard Onyango wa Malindi, aliyezaliwa 1960. Kabla ya kujulikana nje aliwahi kuchora mabango, akapiga muziki. Alichora mabasi na mashine nzito za barabarani kwa upendo ambao wengine wanawapa malaika, na akachora mfululizo mrefu juu yake na Drosie, mwanamke Mzungu mwenye mwili mkubwa aliyempenda. Katika picha hizo Drosie hujaza chumba, na Onyango ni kijana mwembamba pembeni. Hakupima kwa rula. Alipima kwa uzito wa mtu yule moyoni mwake. Kamera ya simu yako haiwezi kufanya hivyo. Kamera hukupa kila kitu kwa ukubwa wake, na mchoraji anakataa. Picha za Onyango zimefika Venice, na zilitokana na mabasi ya barabara ya pwani na chumba cha mapenzi, bila mnazi hata mmoja ulioinama kwa ajili ya mgeni.

Sasa rudini kwenye ukuta wa Fort Jesus. Baharia alichora meli kwa sababu meli ndiyo ilikuwa maisha yake. Watu wa Gedi na Kilwa vivyo hivyo. Maisha ya Mikindani yanasafiri kwa nini leo? Kwa lori. Makontena yanapita hapa usiku na mchana, mekundu, ya buluu, ya kijivu, yenye maandishi ya nchi ambazo hatutazifikia. Kwa mchoraji ni zawadi: pembe nne zilizo sawa, rangi safi, mistari inayokutana mbali. Nyuma yetu kuna mikoko ya hori la Tudor, na maji yakitoka, matope yanang'aa kijivu chenye zambarau ambayo sijaiona kwenye picha yoyote ya kuuza. Kuna mabati ya mtaa wetu wa Bangladesh, yaliyoshika kutu ya kila rangi kati ya machungwa na kahawa. Kuna kiwanda cha kusafisha mafuta hapo Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha mafuta 2013, na ambacho kimewaajiri baba za watu waliomo humu ndani. Kuna Kibarani, palipokuwa mahali pa takataka kwa miaka mingi, ambako moshi wake tuliuvuta sote tukienda mjini. Ni picha ngapi za vitu hivi mmeziona? Mimi, nyingi nilizoziona ni za magazeti.

Najua hoja inayokuja, maana kijana mmoja pale mlangoni ameshatikisa kichwa: nani atanunua picha ya kontena? Ni swali la haki, na sitamdanganya kwamba mgeni ataacha machweo achukue lori. Lakini fundi wa mabango hakuwahi kumtegemea mgeni. Alilipwa na mwenye hoteli, kinyozi, mwenye buchari na tajiri wa matatu. Soko la uchoraji wa Mikindani lilikuwa hapa hapa Mikindani. Linalolimaliza ni bango la kuchapishwa, linalotoka kwenye mashine likiwa na picha ya biriani iliyopigwa nchi nyingine, kuku ambaye hajawahi kupikwa kwenye jiko hilo. Ni la haraka, ni rahisi, na jua hulimaliza. Anayepoteza zaidi ni kijana ambaye angejifunza kushika uzi wa chaki, maana shule ya uchoraji ya mtaa huu haikuwa na jengo. Ilikuwa ni kusimama nyuma ya fundi.

Kwa hiyo ombi langu naliweka kwa wenye kuta. Wenye maduka, hoteli, vinyozi na magari mliomo humu, safari ijayo mkitaka rangi mwiteni fundi wa hapa. Mlipeni malipo ya kwanza kabla hajafungua kopo, kama mnavyomfanyia fundi seremala. Mwacheni achore chakula chenu na bei zenu, kisha mpeni upande mmoja wa ukuta achore kitu anachokiona akisimama mlangoni penu na kutazama nje. Na msimkataze kuandika jina lake chini ya kazi.

Nanyi vijana, nendeni Fort Jesus mkautazame ukuta wa mabaharia. Chukueni penseli.